Pindo la Nne

Mtu akiingia kwenye atelie yangu ya kupiga nguo chapa, kabla hata salamu hazijaisha, ananyosha kidole kwenye kitambaa kilicho mezani na kuuliza: "Hii ni ya kilio ao ya furaha?" Hapa mjini Baraka hakuna anayetaka kugusa msiba wa watu kwa bahati mbaya. Namjibu kwa kuinua kikwembe nikimwonyesha kingo zake nne. Pindo likiwa limezunguka pande zote nne, hicho ni cha furaha: harusi, ubatizo, sikukuu ya bamama wa kanisa. Upande mmoja ukiwa hauna pindo, ni cha kilio. Upande huo tunauita mlango. Hapo ndipo marehemu anapopita aende zake, asibaki kuzunguka katika nguo za watoto wake.

Sitawadanganya kwamba ni desturi ya mababu. Aliianzisha mama yangu mdogo, aliyenifundisha kazi, na mji ukaipokea mpaka leo hata wachungaji hawaisemi vibaya. Aliniachia masharti matatu. Kila kilio kina muhuri wake, na kilio kikishatoshwa, yaani kikimalizwa na marehemu akatolewa katika watu wake, muhuri unachomwa. Kikwembe kikikosa mlango, hakuna kilio. Na la tatu, alilolisema akiwa kitandani na pumzi zimebaki chache: "Harusi unaweza kukatala. Kilio usikatale hata siku moja. Ukikatala, umemufungia mutu njia."

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza, ila inavunja mgongo. Tunanunua kitambaa cheupe cha pamba, tunakifua mpaka kiachie wanga wa dukani, tunakitandaza mezani, tunachovya muhuri wa ubao kwenye rangi nzito na kupiga. Piga, inua, sogeza, piga. Mkono ukitetemeka, kikwembe kizima kinaonekana kimelewa. Zamani tulikuwa chini karibu na maji, mpaka ziwa likapanda na kuingia ndani ya nyumba. Nikahamisha meza na makopo ya rangi juu, njia ya sokoni. Miaka hii ya bunduki tunapiga vilio kuliko harusi. Nimesahau lini mara ya mwisho niliishiwa rangi nyekundu. Nyeusi ndiyo inaisha kila mara.

Mimi sichongi. Mkono wangu ni wa rangi na wa kupiga. Aliyechonga alikuwa mwenzangu, na ni juu yake ninaandika. Aliletwa hapa mgongoni mwa mama yake wakikimbia Burundi, mama akafa, akakulia kwenye familia za watu, akaolewa na kijana wa hapa ambaye ni fundi wa mashini za boti. Ndugu wa damu hakuwa naye hata mmoja katika Fizi nzima. Alikuwa na mume, watoto watatu na mikono yake. Patasi zake zote alitengenezewa na mume huyo kutoka vyuma vya mashini zilizokufa: alivinoa, akavitia vipini vya mti, akaja kuziweka mezani kwangu moja moja huku ananicheka. "Shemeki, hizi ni zake. We usiguse, utajikata na utanitukana."

Ni kweli ningemtukana. Mimi nina mdomo mbaya, Baraka nzima inajua. Mama yangu mdogo alikuwa anasema nilizaliwa nikilia matusi.

Siku moja asubuhi yule bwana aliitwa ng'ambo ya ghuba, upande wa Ubwari, kutengeneza mashini iliyokataa. Alichukua boti ya tajiri wake, sanduku la vyombo lenye kle zake, ndizo spana, na chapati mbili. Hakurudi. Siku ya tatu wavuvi waliivuta boti mpaka mwaloni, pale boti zinapoegeshwa. Haikuwa na mtu ndani, wala haikuwa na mashini.

Mji ukajua papo hapo. Wenye silaha wamemkuta majini, wamechukua mashini, mtu wamemtupa. Mambo hayo tumeyaona, hatuhitaji kuhadithiwa. Mama yake mzazi, ndiye mama mkwe wa mwenzangu, akajitupa chini kwenye mchanga, wanawake wakampokea na kilio.

Mwenzangu peke yake hakulia. Aliingia ndani ya boti na sketi yake, maji yakamfika kwenye vifundo, akainama pale nyuma ambapo mashini hufungwa kwa buloni, bolti nne, akapapasa. Alipotoka alinishika mkono akanivuta pembeni, akaniita yaya kama mkubwa wake.

"Yaya, umeona pale? Ubao haukuvunjika. Buloni zote ine zilifunguliwa muzuri, na kle. Mwizi anavunja, anapiga na shoka. Na maji haifungulake buloni. Ile mashini alifungula yeye mwenyewe."

"Mm," nilisema.

"Kama alifungula mashini, basi banamuchukua pamoja nayo. Mashini bila fundi ni ya nini?"

"Mm," nilisema tena. Sikumwamini. Nilimwona kama mtu anayeshika unyasi. Mdomo wangu huu unaosema kila kitu, siku ile ulisema "mm" mara mbili tu, na mpaka leo najuta kwamba haukusema zaidi.

Miezi minne alikuwa anatafuta. Jumatatu alikuwa kwa wavuvi, Jumanne kwa wanajeshi, Jumatano kwa bamama wanaoleta ndakala, dagaa wa ziwa, kutoka Ubwari, anawauliza kama hawajasikia mashini ikilia sehemu isiyo na kijiji. Alikwenda mpaka Lubondja kwa mguu kwa sababu mtu alisema mtu alisema. Kazini alikuja siku mbili kwa juma, na hata hizo alichonga huku anatazama mlangoni. Wateja walinung'unika, nami nikanung'unika pamoja nao. Siku moja nilimwambia mbele ya watu, "We, bwana akikufa si wa kwanza, wacha kutuchelewesha." Ayi! Maneno hayo nilisema mimi, kwa kinywa hiki ninachokulia ugali. Akanitazama tu, akaendelea kuchonga.

Kisha mama mkwe akaota. Aliota mwanawe amesimama mlangoni, maji yanamchuruzika, anaomba nguo kavu. Ndoto kama hiyo haijadiliwi. Familia ikakaa, ikakata: kilio kitoshwe Jumamosi, kila mtu avae kikwembe kimoja, marehemu apumzike.

Aliyekuja kuniagiza ni mdogo wake bwana. Alikuja Jumatatu, siku ambayo mwenzangu alikuwa amepanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Nundu kusikiliza habari nyingine ya hewani. Nadhani aliichagua siku hiyo. Alikaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa.

"Vikwembe makumi ine. Ya Jumamosi."

"Na muke ya kaka yako anajua?"

"Atajua."

"Na kilio kikiisha, yeye anakuwa nani?"

Hakuona haya. "Ni muke ya famiye. Kama anakubali, anaingia kwangu. Kama anakatala, parsele na nyumba ni ya baba yetu, batoto ni ya kwetu. Yeye njia iko wazi, arudi kwao."

Kwao wapi, na mtu huyo alivuka mpaka mgongoni hajui kutembea? Nilielewa vizuri sana, na ninaandika hivi ili msinitafutie udhuru: kikwembe kile kikivaliwa, mwenzangu anapoteza mume, nyumba na watoto siku moja. Kisipovaliwa, bado ni mke wa mtu aliye safarini. Nguo ile ndiyo ilikuwa hukumu, na mpigaji wa nguo nilikuwa mimi.

Ningeweza kusema rangi imeisha. Ningeweza kusema mchongaji hayupo, rudi mwezi ujao. Lakini nilimsikia mama yangu mdogo, kilio usikatale, nikaogopa laana yake. Nikaogopa pia mdomo wa mji, kwamba nimemfungia marehemu njia kwa ajili ya rafiki. Na chini ya hofu hizo, nikisema kweli, nilikuwa nimechoka naye. Kumngoja mtu anayengoja kunachosha, na nilitaka mambo yaishe. Nikasema sawa.

Alipotoka ndipo nilipokumbuka kwamba sina muhuri. Nilijaribu kuchonga mwenyewe. Patasi ikanikata kidole gumba kama nilivyotabiriwa, na kilichotoka kwenye ubao kilikuwa kama kuku aliyekanyagwa na gari la kamyo. Nikautupa. Nikaanza kupekua rafu nikitafuta ubao mwingine, na nyuma ya makopo nikakuta kitu kimefungwa ndani ya shati ya mtoto.

Ulikuwa muhuri, umekwisha kuchongwa, haujaguswa na rangi hata tone. Helisi ya boti, ile inayozunguka majini na kuisukuma, mapanga yake matatu, na kuizunguka mistari ya maji imekatwa nyembamba mpaka nikajiuliza aliikata na sindano. Kazi nzuri kuliko zote alizopata kufanya kwangu. Pindo lake tu ndilo halikuwepo.

Nikakaa chini kwenye simenti, nikalia. Nilifikiri: kumbe amekubali. Kumbe mchana anazunguka kwa wavuvi, na kwa siri amemchongea bwana wake muhuri wa kilio, anaona aibu kuusema kwa sababu ya maneno yake ya buloni. Kwetu mtu hachongewi muhuri wa peke yake, wenye picha ya kazi ya mikono yake, mpaka afe; harusi tunapiga maua, na ndege, na vyungu. Muhuri wa mtu ni muhuri wa marehemu. Hivyo ndivyo nilivyojua, na kichwa changu hakikutafuta maana nyingine. Hata nilimshukuru moyoni kwamba amenirahisishia.

Nikapiga siku tatu. Nyeusi juu ya buluu nzito ya ziwa, helisi baada ya helisi. Pindo nikalipiga pande tatu kwa muhuri mdogo tunaotumia siku zote, ule wa vidole vya mihogo. Upande wa nne nikauacha wazi. Alhamisi mchana bamama wa ile familia walikuja wakachukua mafurushi yao. Nilibakiza kwenye kamba vinne: cha mwenzangu na vya watoto wake.

Alifika saa kumi, vumbi la Nundu mpaka kwenye kope. Alisimama mlangoni. Kwanza nilifikiri ananitazama mimi, maana nilikuwa nimesimama mbele ya kamba na maneno yangu ya pole nimeyapanga. Alinipita. Akashika kikwembe kimoja, akakigeuza, akafuata pindo kwa kidole. Upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika wa nne kidole kikaendelea kutembea kwenye kitambaa kitupu mpaka mwisho.

"Yaya, nani alikupatia huu muhuri?"

"Niliukuta. Niliona umechonga, nikafikiri..."

"Nilichonga ya siku atarudia." Alisema polepole, bila hasira, kama anamweleza mgeni njia. "Nilitaka akifika, tuvae sisi batano, tutembee sokoni, batu baone. Pindo sikuchonga ju nilitaka achague yeye."

Nikauchukua muhuri mezani, nikaanza kuufuta rangi.

"Zingine iko wapi?"

"Wamekuja kuchukua. Saa sita."

Akaketi juu ya kopo la rangi. Akasema, "Basi we njo umemutosha katika bazima."

Nilimwomba msamaha. Nilipiga magoti kwenye simenti ile ile, nikamshika miguu na vumbi lake. Hakunisukuma wala hakuniinua. Baadaye akainuka mwenyewe, akanawa mikono, akashusha kikwembe chake kutoka kwenye kamba, akakitandaza mezani. Akachukua muhuri mdogo wa pindo. Akaanza upande wa nne kutoka kona ya kushoto: piga, inua, sogeza, piga. Nilijua anafanya nini, na nilijua Jumamosi itakuwaje. Sikumzuia na sikumsaidia. Nilimshikia kopo la rangi tu, kwa sababu meza ilikuwa imeinama upande ule.

Vile vya watoto hakuvigusa. "Batoto ni ba kule kwa baba yabo," alisema. "Nisibaletee matata."

Jumamosi kiwanja kilijaa. Turubai, viti vya kanisa, sufuria za wali, watu makumi manne wamevaa helisi. Mwenzangu alikuja akitembea taratibu, amekifunga kikwembe kiunoni kama mke wa mtu yeyote. Kwa mbali hakikuwa na tofauti. Mchungaji aliomba, wakaimba, na watu wakaanza kupita mbele ya mama mkwe kumshika mkono. Mwenzangu alipoinama kumsalimu, pindo likafunguka magotini pa yule mama. Mama akaliona. Akalishika kwa mikono miwili, akalizungusha, akahesabu.

"Amefunga mulango! Amemufunga mutoto yangu!"

Sijawahi kusikia sauti kama ile, na vilio nimesikia vingi. Watu walisimama, viti vikaanguka. Mtu akasema mchawi, mwingine akasema mkimbizi, na baada ya hapo maneno hayo mawili yakawa yanasemwa kama jina moja. Mchungaji aliinua mikono na hakuna aliyemtazama. Wakamvuta kikwembe. Alikishika. Alipigwa, sitaficha, alipigwa na wanawake aliowachongea mihuri ya harusi zao, na katikati ya vumbi lile alikuwa anarudia neno lake moja: "Hajakufa. Buloni zilifunguliwa. Hajakufa."

Nami nilikuwa pale. Ningeweza kupaza sauti kwamba muhuri ule haukuwa wa kilio, kwamba kosa ni langu, kwamba nguo zote zile makumi manne ni uongo niliopiga mwenyewe. Nilichoweza ni kumfunika na mwili wangu mpaka wakachoka, kisha kumpeleka kwangu. Vyombo vyake vilitupwa njiani siku hiyo hiyo. Watoto walibaki ndani ya ua.

Alikaa atelie majuma matatu, analala juu ya mafurushi ya kitambaa. Alichonga kila nilichomwomba, na alinijibu nilipomsemesha, na zaidi ya hapo hakuna. Kisha habari ikaja kwamba kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Tanzania kuna fundi wa mashini, Mbembe wa huku kwetu, mrefu, hana watu. Nikamwambia mafundi warefu ni wengi. Akasema, "Najua." Akafunga patasi zake ndani ya kikwembe kile cha pande nne. Muhuri wa helisi aliniachia mezani, ndani ya shati yake ya mtoto.

"Usiuchome, yaya. Nitaukuta."

Hakusema amenisamehe. Nilimsindikiza mpaka mwaloni, akapanda boti iliyobeba mafuta ya mawese, akakaa karibu na mashini. Simu yake niliipata siku sita. Siku ya saba ikasema haipatikani, na imesema hivyo hadi leo.

Alikuwa ameondoka miezi mitano mume wake aliporudi.

Alitoka upande wa milima, kwa miguu, mwembamba kama ufito wa nyumba, mkono wa kushoto umepungua vidole viwili. Ilikuwa vile vile kama mkewe alivyosema. Walimkamata katikati ya ghuba, wakamwambia afungue mashini mwenyewe, akafungua buloni nne kwa kle yake, wakaenda naye. Mwaka karibu mzima aliwatengenezea mashini mahali ambapo simu haifiki, mpaka wenyewe wakashambuliwa na yeye akakimbia. Mama mmoja muuza ndakala alimwona wa kwanza kwenye njia ya sokoni. Alipiga kelele, akatupa beseni lake. Mama huyo alikuwa amevaa kikwembe cha helisi.

Mji ulifurahi, ukaogopa, ukafurahi tena. Wengine walivichoma vikwembe vile. Wengi hawakuvichoma, maana kitambaa ni kitambaa na vita haviachi mtu achague. Kwa hiyo yule bwana akawa anatembea Baraka anakutana na kifo chake: kimembeba mtoto mgongoni, kimefunika unga, kimeanikwa kwenye ua wa jirani.

Kwangu hakuja. Nilisikia aliambiwa kwamba mkewe hakungoja, kwamba alipoona kilio kimeisha alipanda boti na bwana mwingine. Nami nilikaa kimya. Nilijiambia atakuja aniulize, nitamweleza. Kumfuata sikuweza. Kumfuata kungekuwa kumwambia nani aliyepiga zile nguo.

Alikuja baada ya miezi minane, adhuhuri, kofia mkononi.

"Shemeki, nimekuja kuagiza."

"Ya nini?"

"Ya kilio." Alitazama chini. "Ya muke yangu. Boti moja ilizama ile juma alivuka, banasema alikuwa mule. Mama anasema tutoshe kilio, batoto bapumzike. Na mimi pia... banataka nioe."

Sijui niseme nini kilinipanda. Nilishika kopo la nyeusi nikalirusha ukutani. Doa lake lipo, njooni mlione. "Toka! Mimi kilio cha yule sipigi! Mama yangu mdogo anilaani huko aliko, sipigi!"

Hakutoka. Watu waliotekwa hawaondolewi na kelele. Ndipo nikamwambia yote. Nilimwambia buloni. Nilimwambia Lubondja kwa mguu. Nilichukua muhuri rafuni, nikaufungua kutoka kwenye shati, nikauweka mikononi mwake, nikamwambia ulikuwa wa siku gani na nani aliufanya wa kilio. Nilimwambia pindo la nne, na mikono ya mama yake, na alivyopigwa na alichokuwa anasema akipigwa. "Hakwenda na mutu," nilisema. "Alikwenda kukutafuta wewe. Dunia nzima ilikutosha, na mimi wa kwanza. Yeye peke yake alikufungia mulango."

Alipitisha kidole gumba juu ya mapanga ya helisi, moja, mbili, tatu. "Hii ni ya mashini ya nguvu ya farasi makumi ine," alisema. "Ameweka ata pembe yake vile iko." Kisha akalia, na ni kilio ambacho sikuweza kukisikiliza, nikatoka nje.

Familia haikunisubiri. Walinunua kitenge cha dukani, maua ya manjano, kina pindo lake la kiwandani ambalo halijui mtu, wakapanga Jumamosi. Ijumaa yule bwana alirudi kwangu amekunja kikwembe kimoja kwapani. Kilikuwa cha mama yake, cha helisi, kimefuliwa mpaka nyeusi imekuwa majivu.

"Nifundishe kufunga mulango."

Nikamchanganyia rangi. Alishika muhuri wa pindo kama kle, kwa nguvu isiyohitajika, na vile vidole viwili visivyokuwepo vilifanya ubao uyumbe. Piga, inua, sogeza, piga. Pindo lake lilipanda na kushuka, mahali pengine liliruka nafasi, mahali pengine lilikanyagana. Nilitaka kumsahihisha. Kwa mara moja katika maisha yangu nilinyamaza kwa faida.

Jumamosi nilikwenda. Familia yote ilikuwa ya manjano. Yeye alikaa kiti cha mbele, cha mfiwa, watoto watatu pembeni, amejifunga kiunoni msiba wake mwenyewe uliofungwa pande zote nne. Mama yake alikiona. Nilimwona akikiona, mkono wake ulinyoka kushika pindo, ukasimama katikati, ukarudi. Angepiga kelele gani, na aliyefungwa kwa mlango huo alikuwa amekaa mbele yake anapumua?

Mchungaji aliomba kifupi. Wali ukaliwa. Watu walipoanza kuondoka, yule bwana alisimama, akatembea mpaka mwaloni na kikwembe kile, akaanza kuuliza boti moja moja ni ipi inayovuka Jumatatu. Wengine walimcheka, wakasema amerithi wazimu wa mkewe.

Alivuka. Ameshavuka mara tatu sasa, na mara tatu amerudi peke yake. Muhuri uko rafuni kwangu, ndani ya shati ya mtoto. Niliambiwa nisiuchome.